Kiti Kabla Hakijapoa

Ujumbe wa sauti ulinikuta kwenye benchi la zahanati, hapa Morogoro, saa nne asubuhi, nikisubiri zamu ya kupimwa presha. Niliweka simu sikioni, na neno la kwanza nililosikia lilikuwa jina ambalo hakuna mtu mwingine duniani anayeniita. "Papa Rehema," ilisema sauti. Mimi ni mwanamke, nina miaka hamsini kasoro miwili na wajukuu wawili. Lakini katika nyumba moja ya mbao kule Masisi, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, juu kidogo ya barabara ya soko, niliitwa Papa, yaani baba, kwa mwaka mzima, na sababu yake nitaieleza. Sauti ilikuwa ya Zawadi. "Papa Rehema, Mama amekwenda. Juzi, saa ya kupika. Alikufa kwa kitanda yake, hapa kwangu Kingi. Haikuwa kwa njia, haikuwa chini ya bashi. Tunashukuru Mungu." Bashi ni yale maturubai ya kambi za waliokimbia vita, na nilielewa kwa nini aliyataja: kwao, mzee kufia kitandani, kwenye nyumba yenye mlango, ni habari inayostahili kutajwa pamoja na msiba wenyewe. Akaongeza kwamba Mama aliacha neno moja kwa ajili yangu, ila nyumba imejaa watu wa matanga; atalituma baadaye kidogo akipata pa kujificha. Ujumbe ukaisha. Mbele yangu palikuwa na watu sita. Nikaendelea kukaa, sasa nikisubiri vitu viwili.

Nilikwenda Masisi nikiwa na miaka ishirini na minne. Wanahistoria wachache waliokuwa wakikusanya kumbukumbu za vita kutoka kwa watu wa kawaida walihitaji mtu wa kuandika Kiswahili haraka na kwa mwandiko unaosomeka, nami nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja kwenye gazeti dogo. Walinipa fomu zilizochapwa, zenye safu nne: jina, kijiji, mwaka, tukio. Nilizipenda fomu zile. Nilikulia katika nchi ambayo vita vyake vilikuwa na siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mjomba wangu aliyerudi kutoka Uganda alikuwa na hadithi moja, aliisimulia kila sikukuu kwa mpangilio uleule, na alipofika mwisho sote tulinawa mikono tukala. Nilidhani vita vyote ni hadithi ya namna hiyo, na kwamba kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watu kuipanga. Tena watu wenyewe walizungumza Kiswahili. Nilivuka mpaka nikiamini siendi mbali.

Nilipangiwa chumba kwa Mama Ester, mwanamke mrefu, mkimya, aliyetengeneza jibini nyuma ya nyumba yake. Nilifika mchana, baada ya nusu siku juu ya pikipiki, mgongo ukiwaka, miguu imejaa tope hadi magotini. Sebuleni kulikuwa na mabenchi mawili na kiti kimoja cha mbao nzito, chenye mikono mipana na kitambaa cheupe cha kufuma, kikiutazama mlango. Nilikaa kwenye kiti. Sikuwa nimefikiri chochote, kilikuwa karibu. Mama Ester alikuwa anaingia na kikombe cha maziwa, akasimama. Binti yake Zawadi, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, alitokea nyuma yake, akaniona, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha kicheko kikamtoka. "Asi! Mutanzania ameikala kwa kiti ya Papa! Papa, leo tunakula nini?" Mama Ester hakucheka. Alinipa kikombe nikiwa palepale, akasubiri nimalize, ndipo akavuta benchi. "Mwache," alimwambia bintiye. "Mugeni iko na macho lakini hanaonaka." Nilihamia benchi. Kitambaa kilikuwa na alama ya tope la suruali yangu, na jioni ile kabla jua halijazama nilimwona akikifua peke yake. Tangu siku hiyo Zawadi aliniita Papa Rehema, na majirani wakafuata.

Mwenye kiti alikuwa mume wa Mama Ester, Papa Bahati. Miaka tisa kabla sijafika, siku moja watu wa mlima ule walipokimbia, mke na mtoto walikwenda upande wa barabara kubwa, naye akabeba jibini mgongoni akateremka upande wa Walikale, msituni, akidhani atauza kule, hali itulie, arudi. Hakurudi. Hakuna mtu aliyeleta habari kwamba amekufa, wala kwamba yu hai. Kiti chake kilifutwa vumbi kila Jumamosi.

Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa mbao ambazo hazikukutana vizuri, kwa hiyo mwaka ule niliujua zaidi kwa masikio na pua. Alfajiri yalisikika mabidoni, yale madumu ya maziwa, yakitua chini, kisha harufu ya moshi, kisha ule uchachu wa maji ya maziwa yanapotenganishwa, harufu iliyoingia kwenye nguo zangu hata kwenye karatasi. Tulikula maharage na viazi, ugali wao walioita bugali na kisamvu walichoita sombe, na kila siku kipande cha jibini ambacho mwanzoni nilikitafuna kwa adabu tu, na mwezi wa tatu nilikuwa nakidai. Niliandika kila kitu. Fomu zilikuwa za kazi, lakini nilikuwa na daftari zangu mwenyewe, na nilikuwa nikiandika hata wakati wa kula, daftari likiwa pajani. Mama Ester alizoea. "Dada, andika," alikuwa akisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Andika: leo chumvi imezidi." Siku moja nilimkuta akikoroga sufuria kubwa, mikono imejaa makovu madogo, nikamuuliza. Alisema kila anayefanya kazi ile anaungua. Huwezi kumpata mtu wa fromaji, ndivyo walivyoita jibini, mwenye mikono safi. Kisha, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akamtaja mumewe. "Ya Papa Bahati njo ilikuwa kubwa. Hapa." Akagusa mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko. "Siku nilizaa Zawadi walikuja kumuita. Akageuka mbio, akapindua sufuria yote. Alikuja kuniona analia. Mi nikafikiri analia juu ya mutoto." Akacheka kidogo puani, akaendelea kukoroga. Niliandika: kovu, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, siku Z. alipozaliwa.

Kazi yenyewe ilinichosha mapema kuliko nilivyotegemea. Nilikwenda mara nyingi Kashuga, kambini, nikakaa juu ya mabidoni yaliyogeuzwa nikiuliza maswali yangu kwa mpangilio. Katika safu ya mwaka ndipo niliposhindwa. Bibi mmoja, niliyemuuliza nyumba yake ilichomwa kabla ya vita au baada, alinitazama kwa huruma. "Vita gani, binti yangu? Ile ya kwanza, ao ile tulikimbiaka na maharagi mabichi, ao ile ya mvua?" Akanyoosha vidole akaanza kuhesabu safari zake za kukimbia. Ya pili alimpoteza mama mkwe. Ya tano alijifungua njiani. Ya saba walirudi wakakuta mifupa ya nyumba tu, nguzo na mlango. "Sasa hii," akasema, "hii tuko ndani yake bado, haijapata jina." Kando yake mzee mmoja alidakia kwamba ya saba haikuwa ya mvua, na wakabishana kwa sauti, kama watu wanaobishana kuhusu harusi ya nani ilitangulia, hadi wakacheka. Sikujua niandike nini kwenye safu yangu. Niliporudi nilichora mstari kuifuta, nikaandika juu yake: kukimbia kwa ngapi. Wanahistoria hawakufurahi. Mimi mwenyewe sikufurahi pia. Niliona kama nimeondoa sakafu. Hata leo redio ikitaja majina ya vilima vile, na huyataja mara kwa mara, najikuta nikijiuliza bibi yule amefika ya ngapi, halafu napunguza sauti.

Jambo lililokuwa linaumiza nyumba ile nililijua kupitia mbao za ukuta. Zawadi alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa Kingi, kijiji cha chini ya mlima. Watu wa Kingi walikwishapanda mara mbili kuzungumza, na mara zote mbili walirudishwa kwa maneno matamu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Kwa desturi ya ukoo ule, wakwe hupokewa na baba aliyekaa kwenye kiti chake. Baba akifa, ndugu yake hukaa. Ndugu alikuwepo: Papa Dezire, mdogo wa Papa Bahati, mkulima mfupi mwenye kofia pana ya wachungaji. Lakini kiti hakikuwa na baba wala hakikuwa wazi. Asubuhi moja nilimsikia Mama Ester akimwambia, kwa sauti iliyochoka, "Shemeki, ikala tu. Siku moja. Wapite." Papa Dezire alijibu kwa hasira, "Nikiikala pale, nimemuua kaka yangu na matako yangu mwenyewe. Akifika kesho kwa mulango ataniuliza: Dezire, ni nani alikuambia nimekufa? Nitamujibu nini? Kwamba bibi yako Ester alitaka harusi?" Sauti ya kijiko kikigonga sufuria. "Miaka tisa," alisema Mama Ester. "Hata miaka ishirini," alijibu yeye. "Letee mimi muntu mwenye aliona kaburi." Na Zawadi, ambaye sikujua kama yuko jikoni, akasema taratibu, "Watu wa Kingi walisema watapanda mara moja tu tena. Kiisha mavuno ya maharagi. Kama haiko, watatafuta fasi ingine." Alikuwa msichana wa mzaha, lakini siku ile hakuongeza mzaha wowote.

Miezi miwili kabla ya mavuno nilitumwa Walikale. Nilimwambia Mama Ester, naye akanifungia viazi vya njiani, bila kuniomba lolote. Dereva wa pikipiki, Kaka Jeremi, alinishusha kutoka kwenye baridi na nyasi za ng'ombe hadi kwenye joto, miti mirefu na barabara nyekundu iliyojaa maji. Siku ya pili pikipiki ilishindwa, tukatembea. Nilikuwa nimedhani nimeshaanza kuijua nchi ile. Kule chini nilikuwa mgeni upya. Hawakufuga ng'ombe. Walilima mihogo na ndizi, walitega wanyama, na jibini walilizungumza kama kitu cha ajabu walichokiona mara moja. Hivyo ndivyo nilivyompata Papa Simeoni. Alikuwa mwindaji na mzee wa kanisa dogo la udongo. Alipotupokea alimwaga chini tone la kasiksi, pombe yao ya ndizi, kwa ajili ya wazee waliotangulia, kisha akavua kofia akasali Baba Yetu, yote kwa uso uleule. Tulikula bugali la muhogo na nyama ya moshi. Nilimuuliza maswali yangu. Nilipomwambia nimetoka Masisi, akaacha kutafuna. "Sisi tulizikaka mutu mumoja wa Masisi," alisema. "Mutu wa fromaji."

Alifika peke yake, kwa miguu, na homa, wakati wa kukimbia ambako watu wa Masisi walikukumbuka kama kwa tatu na watu wa kijiji kile kama kwa kwanza. Alikuwa na jibini tatu mgongoni. "Tulijaribu kuipika ndani ya maji," alisema Papa Simeoni. "Ikawa kama mupira. Batoto walivutana nayo muchana muzima." Alicheka, kisha akaacha. Mgeni yule hakutaja jina. Homa ilikuwa inasema badala yake, tena kwa lugha ya mlimani ambayo hawakuielewa. Siku ya nne alikufa. Papa Simeoni alimwosha. Katika kijiji kile, mtu akifa bila ndugu, anayemwosha anakuwa ndugu: ananyoa nywele, anakaa matanga, na kitu alichokufa nacho marehemu anakitunza mpaka mwenye damu yake aje kukichukua kwa mkono wake. Alinionyesha kaburi, nyuma ya migomba, limepaliliwa vizuri. Nilimuuliza, nikiwa na kalamu tayari, kama mtu yule alikuwa na alama mwilini. "Ya moto," alisema mara moja. "Kubwa. Kwa mukono." Nikauliza: Mkono gani? "Wa kuume," alisema, akagusa wa kwake. Nikauliza tena: una hakika si wa kushoto? Hakupenda. "Mama, nilimuosha na mikono hii. Wa kuume." Niliandika: kuume. Amerudia mara mbili.

Halafu akanyoosha kidole juu ya jiko lake, darini, kwenye moshi, paliponing'inia kifurushi cha gome la mti kisichozidi kiganja. Kilikuwa kisu cha mgeni yule. Sikuruhusiwa kukifungua wala kukishika. Kitu cha maiti hakionyeshwi mtu wa kupita. Lakini alinitazama kwa matumaini. Nadhani alikuwa amechoka kukitunza. "Wewe uko damu yake?" aliuliza. Nikasema, "Hapana." Nilisema haraka, kwa namna ambayo mwandishi kijana hujibu swali la ukweli, na hata leo nakumbuka jinsi uso wake ulivyoshuka. "Basi," alisema. "Kitabaki." Tulipokuwa tunarudi kwenye pikipiki Kaka Jeremi hakuweza kujizuia. "Dada, ungesema uko mutoto wa dada yake. Nani angejua?" Nikamwambia, mimi ningejua. Akatembea kidogo. "Sawa. Unajua. Sasa uko na nini kwa mukono?" Nilikuwa na daftari. Mama Ester angekitambua kisu cha mumewe kwa kukigusa tu, au angejua si chake, na kila kitu kilichofuata kisingefuata.

Nilifika Masisi saa ya mchana. Katika nyumba ile habari nzito haikupewa mtu aliyesimama; nililijua hilo kwa kuona majirani wakija, wakikataa kuanza mpaka mwenyeji akae. Kwa hiyo niliingia jikoni nikamwambia Mama Ester, "Kaa kwanza." Alizima moto chini ya sufuria, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maziwa yakiwa ndani, akakaa kwenye kigoda. Nilimsimulia: homa, jibini tatu, kaburi nyuma ya migomba, kisu, kovu kubwa la moto. Sikusema mkono gani. Hakuuliza. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho yake kwa upande wa mkono, akasema tu, "Walimunyolea nywele?" Ndiyo, nikasema. Wote wa nyumba ile. "Watu wema," alisema, akawasha tena moto.

Papa Dezire alitaka kwenda mwenyewe kuchukua kisu. Alifunga mzigo. Wiki hiyohiyo njia ya Walikale ikafungwa. Pikipiki zilirudi zikiwa na abiria watatu watatu na magodoro, na milio ya bunduki ilisikika upande ule wakati wa kupika. Alingoja. Maharage yakakauka shambani, yakavunwa, yakapigwa kwa fimbo uani kwetu. Watu wa Kingi walituma neno kwamba watapanda mwisho wa mwezi. Ndipo Mama Ester akamwita shemeji yake, nami nikiwepo, akasema, "Ulilomba muntu mwenye aliona kaburi. Muntu ni huyu."

Kulikuwa na njia, na waliijua, ingawa haikuwa imetumika kwa muda mrefu. Anayeleta habari kutoka kaburini hukaa kwenye kiti cha marehemu, na ndugu wa marehemu humuuliza maswali mbele ya watu. Akijibu yote, anasimama, na ndugu anakaa hapohapo, kabla kiti hakijapoa. Papa Dezire alikunja uso. "Mwanamuke? Tena mugeni? Kwa kiti ya kaka yangu?" Zawadi akajibu kabla ya mama yake, "Si alishaikaliaka? Siku ya kwanza tu. Hata jina tulimupa." Mzee alijizuia kucheka, akashindwa, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomfungua. Mimi sikuulizwa. Nilielewa baadaye kwa nini nilifaa: nilikuwa nitaondoka. Kama Papa Bahati angetokea siku moja mlangoni, aliyemuua angekuwa mtu wa nchi nyingine.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, jua likiingia mlangoni moja kwa moja hadi magotini mwangu. Sebule ilijaa watu wa ukoo, mabenchi mawili na wengine ukutani. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefuliwa. Nilikaa, daftari pajani kama kawaida, kwa sababu sikujua kukaa mbele ya watu bila daftari, na niliandika maswali kadiri yalivyoulizwa. Papa Dezire alisimama mbele yangu, kofia mkononi. Ulitoka wapi? Nikasema. Uliona nini? Nikaeleza kaburi, migomba, palizi. Nani alimuosha? Nikamtaja Papa Simeoni. Kulikuwa watu wa kumulilia? Nikaeleza nywele zilizonyolewa, na wanawake wawili waliokuwa wamekaa ukutani wakaanza kulia kwa sauti ndogo. Nilikuwa nasema kweli tupu, na kila neno lilikuwa linamsogeza mtu yule wa msituni karibu na kiti kile. "Alikuwa na alama?" Ya moto, nikasema, kubwa, mkononi. Papa Dezire akauliza: "Mukono gani?"

Nilimtazama Mama Ester. Hakuwa ananitazama, alikuwa anaangalia sakafu, mikono yake yenye makovu imelala mapajani, viganja juu. Zawadi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akishika fremu. Niliona pia mguu wa kulia wa Papa Dezire: ulikuwa umeshasogea mbele kidogo kuelekea kitini, kabla sijajibu. Nilifunga daftari. "Wa kushoto," nikasema. "Chini ya kiwiko." Pumzi za watu wote zikatoka kwa pamoja. "Simama sasa, simama mbio," akasema mtu, "kiti isipoe," na mikono ikaniinua, na Papa Dezire akapita ubavuni mwangu akakaa. Alishika mikono ya kile kiti kwa nguvu kama mtu aliye juu ya pikipiki mbovu, akalia kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtu mfupi vile. Tulikaa matanga. Mwisho wa mwezi watu wa Kingi walipanda, wakapokewa na mtu aliyekaa kwenye kiti chake, na Zawadi akaolewa kabla sijaondoka. Mama Ester alinisindikiza hadi kwenye pikipiki na jibini zima lililofungwa kwa kitambaa. Aliniambia nisisahau kuandika.

Fomu zilichukuliwa na wanahistoria wenyewe. Daftari zangu, zile walizoziita kaye, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na zimehama nami nyumba nne. Nimezifungua mara chache kuliko mtu angefikiri. Ukurasa wa Walikale una neno kuume, limepigiwa mstari. Ukurasa wa Jumamosi ile unaishia na swali, na chini yake ni weupe mtupu. Kwa miaka mingi nimejaribu kumtetea Papa Simeoni dhidi ya kumbukumbu yake mwenyewe: alimwosha mtu amelala, alikuwa upande mwingine, miaka tisa ilipita, mtu husahau. Siku nyingine namtetea mtu yule asiye na jina, ambaye huenda ana mke na kiti chake mahali pengine Masisi, kikifutwa vumbi hadi leo kwa sababu mimi nilimpeleka kwenye nyumba isiyo yake. Sijawahi kupata jibu. Nimechoka tu.

Walikuwa wamebaki watu wawili mbele yangu pale zahanati Zawadi alipotuma ujumbe wa pili. Alikuwa ananong'ona, nyuma yake walisikika watu wakiimba. "Papa Rehema, niko nyuma ya nyumba. Neno ya Mama ni hii. Alisema: 'Siku ile Rehema alifunga kaye kwanza, njo akajibu. Mwaka muzima sikumuonaka anafunga kaye muntu akiwa bado anasema. Kumbe nikajua.' Nikamuuliza, Mama, ulijua na ukanyamaza? Akasema, 'Ulitaka nifanye nini? Nilikuwa nimechoka kumungojea. Na wewe ulikuwa umekomaa.' Akasema nikuambie aksanti." Nilidhani amemaliza. "Sasa mi nauliza. Tulimuzika jana, hakuna kitu tena itamuumiza. Ile ya moto, ilikuwa mukono gani?"

Muuguzi aliniita. Nilikunja mkono wa gauni, akanifunga kitambaa cha kipimo, akabana, akatazama namba, akatazama uso wangu. "Iko juu leo, mama. Umepata habari mbaya?" Nikamwambia ni ya zamani. Alinipa karatasi, akaniambia nipumzike kwanza kabla ya kutembea. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi lilelile, bado lina joto la mtu aliyeondoka. Nilibonyeza pa kurekodi, nikamwachia kwanza sauti ya magari ya Morogoro yapite, kisha nikasema, kwa Kiswahili cha kwao, "Zawadi, uko umesimama? Ikala chini kwanza."